Msikilizaji Asiyeweza Kusuta: Mwalimu wa Kiingereza Ughaibuni Akisomwa kutoka Ihanja

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna maisha ya kila siku ya mwalimu wa Kiingereza aliye mbali na kwao yanavyosawiriwa katika riwaya ya Abdulrazak Gurnah, Admiring Silence (1996), na jinsi mwalimu wa aina hiyo anavyojisawiri katika kitabu cha shule cha Richard S. Mabala, Mabala the Farmer. Kwa ufupi zinagusiwa pia insha za Joseph Mbele. Inajengwa hoja kwamba tofauti kubwa baina ya kazi hizi haiko katika umbali wa safari wala uchungu wa ugeni, bali katika hali ya anayesimuliwa: je, ana uwezo wa kumsuta msimulizi? Usomaji unafanywa kutoka Ihanja, mkoani Singida, ambako mwanafunzi anayajua yanayosimuliwa lakini hana ruhusa ya kuyasema kwa lugha anayoimudu.

Utangulizi

Katika uhakiki wa fasihi ya Afrika Mashariki, neno ughaibuni limezoeleka kumaanisha ng'ambo ya bahari. Aliyeko London, Muscat au Minnesota yuko ughaibuni. Aliyeko Ihanja yuko nyumbani. Mgawanyo huo unawafaa wanaohesabu pasipoti, lakini haumsaidii sana mhakiki anayeshughulika na mwalimu wa Kiingereza. Mwalimu huyo aweza kuzaliwa Muheza au Mbeya, akapangiwa kazi katika kata ya Ihanja, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, akajikuta kati ya lugha tatu ambazo hakuna hata moja inayomkutanisha kikamilifu na wanafunzi wake. Majumbani mwao husemwa Kinyaturu, ambacho wanaisimu hukiita pia Kirimi. Shule ya msingi wameisoma kwa Kiswahili. Wakiingia kidato cha kwanza, masomo karibu yote huwajia kwa Kiingereza. Mwalimu hajavuka mpaka wowote wa nchi. Iliyovuka ni lugha anayoifundisha, naye ametumwa kuipokea na kuikaribisha kwa niaba ya watu ambao hawakumwita.

Ihanja katika makala hii si eneo la utafiti wa uwandani, na msomaji asitarajie takwimu kutoka huko. Ni mahali pa kusomea. Kila usomaji hufanyikia mahali fulani, ingawa wahakiki wengi hupenda kulisahau jambo hilo, na riwaya iliyozoea kusomwa kutoka vyuo vikuu vya Ulaya hubadilika kidogo inaposomwa na mtu ambaye dirisha lake linatazama shamba la alizeti. Swali linaloulizwa hapa ni la kawaida kabisa. Mwalimu wa Kiingereza anapoishi mbali na kwao, anamsimulia nani habari za maisha yake, na huyo anayesimuliwa anaweza kumfanya nini msimulizi akisema uongo?

Tangu Gurnah apewe Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, maandishi juu yake yameongezeka sana, na mengi yanazunguka dhana zilezile: uhamaji, kumbukumbu, ukimya, kurudi nyumbani. Dhana hizo ni halali. Tatizo ni kwamba zimemmeza mwalimu. Msimulizi wa Admiring Silence ambaye hatajwi jina anafundisha katika shule jijini London, na uhakiki huitaja kazi yake kwa sentensi moja, kama inavyotajwa kwenye fomu ya uhamiaji, kisha huendelea na mambo yanayodhaniwa kuwa mazito zaidi. Makala hii inashikilia kwamba kazi hiyo si pambo. Mtu aliyeajiriwa kuwapa watoto wa wenyeji lugha ya wenyeji, na ambaye katika lugha hiyohiyo hajapata kusema ukweli juu ya kwao hata ndani ya nyumba yake mwenyewe, si mhamaji wa kawaida. Ni mwalimu, na uongo wake ni uongo wa mtu anayejua sarufi vizuri.

Kusuta na kukanusha

Kabla ya kuendelea yafaa kulieleza neno ambalo mjadala huu unalitegemea. Kukanusha ni kusema kwamba jambo si kweli. Kusuta ni zaidi ya hapo. Anayesuta humkabili aliyesema, tena aghalabu mbele za watu, akiwa na ushahidi au mashahidi, na lengo lake si kusahihisha taarifa tu bali kumrudisha msemaji katika jumuiya ya wanaojuana. Katika miji ya pwani, hasa miongoni mwa wanawake, kusutana kumekuwa na taratibu zake, na hata kanga yenye jina la kuchoma huweza kufanya kazi hiyo bila mvaaji kufungua kinywa. Kwa hiyo kusuta kunahitaji mambo mawili kwa pamoja: ujuzi wa jambo lenyewe, na lugha ambayo msutaji na msutwaji wote wanaimiliki. Likikosekana moja, uongo hupita.

Kiswahili kina matumizi mengine ya neno hili ambayo hayana budi kukumbukwa. Pasipo mtu wa kusuta, husemwa kwamba moyo au dhamiri humsuta mwenyewe. Msomaji wa Kiswahili anayeifungua Admiring Silence hukutana mapema na mtu anayeumwa moyo na kwenda kwa daktari. Uhakiki umeusoma ugonjwa huo kama ishara ya mhamaji aliyechoka, au ya penzi linalokaribia kuvunjika, na usomaji huo haukosi mashiko. Lakini katika lugha aliyozaliwa nayo msimulizi, moyo ni kiungo kinachoweza kumkabili mwenye nao kwa maneno aliyoyasema. Gurnah hakuhitaji kukusudia jambo hilo ili liwemo.

Sebuleni kwa wenyeji

Daktari yule anampa mgonjwa wake maelezo kuhusu mioyo ya watu wenye asili ya Kiafrika kutoka visiwa vya Karibiani. Mgonjwa anatoka Zanzibar. Katika mazungumzo ya kawaida angesahihisha tu. Badala yake anaupokea utambulisho usio wake, na masahihisho anayabakiza kwa ajili ya msomaji. Tukio ni dogo, na linachekesha kwa ukali unaojulikana wa Gurnah, lakini ndani yake mna utaratibu mzima wa riwaya. Mwenyeji amesema jambo lisilo kweli kumhusu mgeni, mgeni anajua, mgeni ananyamaza. Ujuzi upo na lugha ipo. Kinachokosekana ni hamu ya kusuta, kwa sababu kusuta kungemlazimisha aeleze yeye ni nani hasa.

Kutoka hapo anavuka hatua moja zaidi, kutoka kunyamazia uongo wa wengine hadi kutunga wa kwake. Baba yake Emma, Bwana Willoughby, anapenda habari za Dola ya Uingereza na makoloni yake, na msimulizi anampatia. Humtungia visa vya wema wa watawala na shukrani ya watawaliwa, huku akivikuza kila mara na kutazama vitaaminiwa hadi wapi. Vinaaminiwa vyote. Wahakiki wameziona simulizi hizi kuwa dhihaka ya mkoloni, na hapana shaka ni dhihaka. Lakini dhihaka isiyotambuliwa na anayedhihakiwa humbakisha mwenye kudhihaki peke yake. Bwana Willoughby ana lugha yote inayohitajika ili kumsuta mkwewe. Ujuzi ndio hana, wala hautafuti. Mwalimu wa Kiingereza amempata mwanafunzi mkamilifu, yaani yule asiyeuliza swali la pili.

Kwa Emma mambo ni mazito zaidi. Emma ni msomi anayeshughulika na nadharia za usimulizi, jambo ambalo mwandishi hakuliweka kwa bahati mbaya, na ameishi na mtu huyu kwa miaka mingi na kuzaa naye binti, Amelia. Naye amelishwa hadithi za familia ambayo haikuwa hivyo: baba anayesimuliwa siye aliyekuwapo, kwani baba mzazi aliondoka na hakurudi. Upande wa pili wa bahari, kule Zanzibar, mama na jamaa hawajaambiwa kwamba kuna Emma wala Amelia. Huu ndio muundo halisi wa riwaya. Kuna makundi mawili ya wasikilizaji, kila moja likiwa na nusu ya ukweli ambayo ingetosha kumsuta msimulizi mbele ya jingine, na maisha yake yote ya kila siku ni kazi ya kuhakikisha kwamba makundi hayo hayakutani. Barua za nyumbani, mazungumzo ya jikoni, ziara za wakwe, vyote ni ulinzi wa mpaka.

Shule anayofundisha hupewa nafasi ndogo, na huzungumziwa kwa dharau. Msomaji aliye mwalimu huenda akaudhika. Angependa kuona darasa, daftari za kusahihishwa, mtoto wa nyuma anayechora. Lakini uchache huo una maana. Darasani msimulizi hana haja ya kutunga kitu, kwa sababu hakuna anayemuuliza habari za kwao. Ni mahali pekee katika maisha yake ambapo hasemi uongo, na ni hapo hasa ambapo hana la kusimulia. Kiingereza anachokifundisha mchana na Kiingereza anachokitumia jioni kumdanganya Emma ni lugha moja, lakini ni cha jioni tu kinachomletea furaha.

Sehemu ya kurudi Zanzibar ndiyo inayopaswa kutazamwa kwa makini na wasomaji wa jarida la Kiswahili. Msamaha kwa walioondoka nchini unamwezesha kurudi baada ya miaka mingi. Anaukuta mji uliochakaa, vyoo vilivyoziba, na jamaa waliokwisha kumtafutia mchumba. Pale ndipo anapolazimika kusema juu ya Emma, na ukweli huo unapokewa kama msiba. Si Emma tu aliyefichwa: mama naye, kwa muda wake, anasimulia yale ambayo yeye mwenyewe aliyanyamazia kuhusu baba aliyeondoka. Kwa mara ya kwanza katika riwaya, wanaosimuliana wana ujuzi na lugha kwa pamoja, na papo hapo kusuta kunatokea pande zote mbili. Ni kurasa bora kuliko zote katika kitabu, kwa maoni ya makala hii, na ni ajabu kwamba zimeandikwa kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wa wahusika wale anayeitumia wakati huo.

Katika ziara hiyohiyo msimulizi anaelezwa mpango wa serikali wa kutafsiri vitabu vikubwa vya dunia kwa Kiswahili, na anahimizwa arudi aufanyie kazi. Mwalimu wa Kiingereza anaitwa, yaani, aje kuwa mtumishi wa Kiswahili. Haupokei wito huo. Mazingira ya wito yanachekesha kwa uchungu: vitabu vikubwa vya dunia vitafasiriwa katika mji ambao choo hakipitishi maji. Wahakiki hulitaja tukio hili kama kejeli dhidi ya serikali, na hivyo ndivyo lilivyo. Lakini pia ni kukataa kwa mtu anayejua kwamba, akianza kuandika kwa Kiswahili, wasomaji wake wote watakuwa watu wanaoweza kumsuta.

Mabala na jembe

Kuna mwalimu mwingine wa Kiingereza aliyesafiri upande wa pili. Richard S. Mabala alizaliwa Uingereza, akaja Tanzania katika miaka ya 1970 kama mwalimu wa kujitolea, akabaki na kuwa raia. Wanafasihi wanamjua kama mhariri wa diwani ya Summons: Poems from Tanzania iliyotolewa mwaka 1980. Wanafunzi wa sekondari wanamjua zaidi kwa vitabu viwili vidogo vinavyosomwa katika kidato cha kwanza na cha pili, Hawa the Bus Driver na Mabala the Farmer. Majarida ya kitaaluma kwa desturi hayahakiki vitabu vya namna hiyo. Huhesabiwa kuwa vyombo vya kufundishia, kama chaki. Dharau hiyo haina msingi, kwani hadhira ya vitabu hivyo nchini ni kubwa kuliko ya riwaya nyingi zinazoandikiwa tasnifu.

Mabala the Farmer ni kisa cha mtu wa mjini anayekwenda kijijini kulima bila kuujua ukulima. Anadhani kilimo ni jambo ambalo mtu yeyote analiweza, na kijiji kinamfundisha kwamba sivyo. Kisa chenyewe ni chepesi na mafunzo yake yako juujuu. Mwandishi hafichi kwamba anataka kuadilisha, na mahali pengine uadilishaji huo unaubana ucheshi. Kinachostahili kutazamwa kiko kwenye jalada. Jina la mwandishi na jina la mjinga wa hadithi ni moja. Mwalimu aliyetoka ng'ambo, ambaye kazi yake ni kujua na kuwajuza wengine, amelichukua jina anakolitia sahihi vitabu vyake akalikabidhi kwa mhusika ambaye hajui kinachojulikana na kila mtoto wa kijijini.

Methali ya mgeni kupewa jembe siku ya tatu hufasiriwa mara nyingi kama onyo dhidi ya uvivu. Inaweza kusomwa vingine. Jembe ndilo linalomtoa mgeni katika hali ya kutazamwa na kumtia katika hali ya kupimwa. Siku mbili za mwanzo asimulie apendavyo habari za atokako, kwani hakuna aliyefika huko. Siku ya tatu anaposhika mpini, kila mwenyeji ni hakimu. Msimulizi wa Gurnah ameishi siku mbili za mwanzo kwa miaka ishirini, akiburudisha wenyeji sebuleni. Mabala, kama mhusika na kwa namna fulani kama mwandishi, anaianza hadithi siku ya tatu.

Hapa ndipo Ihanja inapoleta tofauti. Mwanafunzi wa London akikisoma kitabu hiki atajifunza kwamba kilimo ni kigumu. Mwanafunzi wa Ihanja hana haja ya kuambiwa. Mikono yake inaujua uwele na mtama, anajua alizeti hupandwa lini na huvunwa lini, na makosa ya Mabala anayaona kabla mwandishi hajayataja. Katika vitabu vingi vya kujifunzia Kiingereza, mwanafunzi hukutana na ulimwengu ambao haujui kwa lugha ambayo haijui, hivyo huwa mjinga mara mbili. Katika kitabu hiki ni mjinga mara moja tu. Kwa habari ya shamba, yeye ndiye mwalimu. Kitabu kimemtengenezea nafasi ya kumsuta mhusika mkuu, na kupitia jina lililo kwenye jalada, kumsuta hata mwandishi. Ni zawadi ambayo Bwana Willoughby hakupata kupewa, na ambayo asingejua la kuifanyia.

Ujuzi usio na lugha

Hata hivyo kitabu kimoja hakiwezi kufanya peke yake kazi ambayo darasa linaikataa. Mwanafunzi aliyeona kosa la Mabala atalisemaje? Katika shule nyingi nchini, kwa miaka mingi, kumekuwa na kanuni ya kutumia Kiingereza pekee, na anayekamatwa akisema Kiswahili, achilia mbali lugha ya nyumbani, huadhibiwa au huvishwa kibao. Chini ya kanuni hiyo, anayejua namna ya kupalilia lakini hajui jina la Kiingereza la kupalilia anaonekana sawa na asiyejua lolote. Ananyamaza. Kwa mtazamaji wa nje, ukimya wake ni kama ule wa Bwana Willoughby anayesikiliza visa vya makoloni: mtu ameketi, anasikiliza, hapingi. Kwa hakika ni kinyume chake. Mmoja ana lugha bila ujuzi, mwingine ana ujuzi bila lugha. Matokeo kwa msimulizi ni yaleyale, kwamba anaweza kusema lolote.

Jambo hili si geni kwa watafiti wa lugha ya kufundishia. Taarifa ya Criper na Dodd ya mwaka 1984 ilionyesha kwamba kiwango cha Kiingereza cha wanafunzi wa sekondari hakikutosha kabisa kujifunzia masomo mengine, kisha ikapendekeza, kwa mantiki ambayo imejadiliwa tangu wakati huo, kwamba Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia na kiimarishwe. Roy-Campbell na Qorro (1997) walilipinga wazo kwamba Kiingereza na elimu ni kitu kimoja. Mjadala huo umeendeshwa zaidi katika misingi ya uelewa: je, mwanafunzi anaelewa anachofundishwa? Makala hii inauongezea swali la fasihi. Mwanafunzi anaweza kuelewa vizuri kabisa, na bado akakosa namna ya kumwambia mwalimu, au kitabu, kwamba kimekosea. Msomaji asiyeweza kusuta hajawa msomaji bado. Amekuwa hadhira.

Mfano mmoja wa kifonolojia unatosha kuonyesha jinsi ujuzi unavyoweza kukaa darasani bila kutambuliwa. Kiswahili kina irabu tano. Kirimi, ambacho fonolojia na mofolojia yake zilichambuliwa na Howard S. Olson katika kazi iliyochapishwa mwaka 1964, kina irabu saba, kikitofautisha viwango viwili vya irabu za juu mahali ambapo Kiswahili kina kimoja. Mwalimu aliyezoea irabu tano huwaambia wanafunzi wake kwamba Kiingereza kina tofauti za sauti ambazo Mwafrika hana. Mtoto wa Ihanja aliyekulia katika Kirimi huenda anazo, au anazo zinazokaribiana nazo kuliko alizonazo mwalimu mwenyewe. Lakini lugha hiyo haina nafasi kwenye ubao wala kwenye mtihani, na hakuna aliyemuuliza. Katika suala hili mgeni ni mwalimu, tena mgeni asiyejua kwamba amefika mahali.

Ubadilishaji msimbo, ambao wakaguzi wa shule huuona kuwa udhaifu na ambao walimu wengi huutumia mlango ukifungwa, unapata sura nyingine ukitazamwa hivi. Mwalimu wa Kiingereza anaposoma ukurasa wa Mabala the Farmer kwa Kiingereza, kisha akauliza kwa Kiswahili kosa la Mabala liko wapi, hajaacha kufundisha Kiingereza. Amerudisha sharti la pili la kusuta. Mwanafunzi atacheka, atapinga, atamweleza mwalimu kutoka Muheza jinsi mambo yanavyofanywa huku, na baada ya hapo atakuwa na sababu ya kuyatafuta maneno ya Kiingereza ya kile ambacho amekwisha kukisema.

Kasoro ya Mabala the Farmer yenyewe isifichwe. Wanakijiji wake wote wanazungumza Kiingereza kilichorahisishwa, kama kwamba hiyo ndiyo lugha ya kijijini. Ni desturi ya vitabu vya namna hii na ina sababu zake za kiufundi. Lakini kisa cha mtu asiyejua kulima kimeandikwa kana kwamba hakukuwa na suala la lugha baina yake na waliomfundisha. Mwandishi, aliyepitia jambo hilo mwenyewe alipofika nchini, bila shaka alikuwa na mengi ya kusema juu yake. Mwalimu wa Kiingereza aliyejifunza Kiswahili kwa kukosea mbele za watu ni mhusika bora kuliko Mabala, naye hayumo.

Mwalimu mwenye wasikilizaji wawili

Joseph Mbele alianza kufundisha katika idara ya Kiingereza ya Chuo cha St. Olaf, Northfield, Minnesota, mwaka 1991. Yeye, tofauti na msimulizi wa Gurnah, si wa kubuni. Na tofauti na Mabala, amekwenda upande uleule aliokwenda msimulizi huyo. Kitabu chake cha Africans and Americans: Embracing Cultural Differences (2005) kinashughulika na mambo madogo ya kila siku: salamu, zawadi, muda, kumtazama mtu machoni. Kwa nadharia hakina uzito mkubwa, na pengine Afrika inayozungumzwa humo ni pana mno kiasi cha kumsahau Mnyaturu na Mmatengo kwa pamoja, jambo linaloshangaza kwa mtafiti aliyekusanya ngano za Kimatengo. Nguvu yake iko katika mpangilio wa hadhira. Kitabu kimewaweka Mwafrika na Mmarekani katika ukurasa mmoja, kila mmoja akisikia anayoambiwa mwenzake. Mwalimu akizidisha juu ya Wamarekani, wapo. Akizidisha juu ya Waafrika, wapo. Ni mpangilio ambao msimulizi wa Admiring Silence aliutumia maisha yake yote kuukwepa. Inafaa kukumbuka pia kwamba mwandishi huyuhuyu ametoa Changamoto: Insha za Jamii (2009) kwa Kiswahili, kwa wasomaji wasiohitaji kuelezwa salamu ni nini.

Tafsiri na neno moja

Paradise ya Gurnah ilitolewa kwa Kiswahili kama Peponi mwaka 2022, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis, na kwa tafsiri hiyo kitabu kilifika kwa wasomaji ambao wangeweza kukagua kila mtaa na kila chakula kilichomo. Admiring Silence ingekuwa mtihani wa aina nyingine. Katika Peponi mfasiri anarudisha nyumbani mazungumzo ambayo yamkini yalikuwa ya Kiswahili tangu mwanzo. Katika Admiring Silence angelazimika kutafsiri uongo ambao uliwezekana kwa sababu tu ulisemwa kwa Kiingereza. Visa anavyotungiwa Bwana Willoughby, vikiwa kwa Kiswahili, vingemkuta msomaji anayejua tangu neno la kwanza kwamba si kweli. Kejeli ingegeuka kuwa kichekesho cha wazi, na ule upweke wa msimulizi, ambao kwa Kiingereza msomaji anaushiriki kwa shida, ungetoweka.

Ugumu mkubwa zaidi ungetokana na neno moja. Katika hadithi za familia anazosimuliwa Emma yumo mtu aitwaye Hashim, anayetajwa kwa neno la Kiingereza linalobeba ndugu wa baba na ndugu wa mama kwa pamoja, na ambalo kwa adabu hubeba pia mtu mzima yeyote aliye karibu na nyumba. Kwa mwalimu anayetaka kuficha baba ni yupi na aliyelea ni yupi, neno hilo ni pazia zuri. Kiswahili hakina pazia hilo. Mfasiri atalazimika kuandika ami, au mjomba, au baba mdogo, au baba wa kambo, na hawezi kuchagua bila kuwa amekwisha kujua ukweli ambao msimulizi bado hajautoa. Akichagua vibaya, msomaji wa Unguja atamsuta. Akichagua vizuri, atakuwa ameufichua uongo kurasa nyingi kabla ya wakati wake, na Emma ndiye atakayebaki peke yake ndani ya kitabu bila kujua ambacho kila mtu mwingine amekwisha kukisoma.